Kwa nini zamani kampuni za Lubumbashi zilifuata watu vijijini, na leo watu ndio wanazifuata?

Anayetafuta kazi leo Lubumbashi, mji wa madini wa Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), anaijua njia: CV, fotokopi ya diploma, fotokopi ya kadi ya mpiga kura, kwenda kudepoze dosye (kupeleka faili la maombi), kisha kungoja. Karne moja iliyopita aliyekuwa akihangaika ni kampuni.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 mji wa Lubumbashi ulianzishwa kwa jina la Élisabethville na reli ikafika kutoka kusini. Mwaka uliofuata tanuru likaanza kuyeyusha shaba. Madini yalikuwa tele, watu hawakuwapo. Kusini mwa Katanga kulikuwa na vijiji vichache, na wenyeji walikuwa na mashamba yao, hawakuona sababu ya kwenda kumchimbia mtu mwingine shimo. Serikali ya kikoloni ikaleta kodi ya kichwa ya kulipwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa mzungu. Hata hivyo watu hawakutosha.

Tayari mwaka ule wa 1910 ilikuwa imezaliwa Bourse du Travail du Katanga, shirika ambalo kazi yake ilikuwa kukusanya vibarua. Mawakala wake walizunguka vijijini na zawadi za kuwapa machifu, na chifu naye akateua nani aende. Karatasini huyo aliitwa mtu aliyekubali kwa hiari yake. Upande wa kusini kampuni ya mfanyabiashara Robert Williams ilikuwa ikiandikisha watu katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Mikataba ilikuwa ya miezi tu: mtu akishaanza kuizoea kazi, anarudi kwao, na wakala anaanza upya. Tena kambi za mwanzo zilijaa nimonia, homa ya matumbo na kuhara damu. Wengi walikufa, habari zikafika vijijini, na kuna waliokimbilia porini waliposikia wakala anakuja.

Kutafuta watu kwa namna hiyo kulikula fedha nyingi. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilikwenda mbali zaidi, Lomami, Kasai hadi Rwanda na Burundi, lakini pia ikabadilisha hesabu yenyewe. Mfanyakazi akapewa mkataba wa miaka mitatu na ruhusa ya kuja na mke. Familia ikapata nyumba kambini, posho ya unga kila wiki, hospitali, shule, yote chini ya jicho la changachanga, mzungu mkuu wa kambi. Wapo wanaousimulia utaratibu huo kama ukarimu. Mimi naona biashara: anayekaa anaijua mashine, na mtoto wake ni mfanyakazi wa kesho ambaye hakuna haja ya kumfuata kijijini. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika, maelfu walirudishwa makwao, ukarimu au hapana.

Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua mahali pa Union Minière baada ya migodi kutaifishwa, iliurithi mtindo huo. Kazi ilitoka kwa baba ikaenda kwa mwana. Katika miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka; mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na kufikia katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Kuanzia mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari tena! Kwa mara ya kwanza mafundi wenye uzoefu walijaa mitaani.

Kampuni zilizoingia baada ya Sheria ya Madini ya 2002 zikawakuta hapo. Hazikuwa na sababu ya kujenga kambi wala ya kulea watoto wa mtu. Nyingi hupata sehemu kubwa ya watu wao kupitia kampuni ndogo zinazosimama kati ya mgodi na mfanyakazi, ambazo sheria ya 2017 inataka sehemu kubwa ya mtaji wao iwe ya Wakongomani. Ipo pia ONEM, ofisi ya taifa ya ajira iliyoundwa mwaka 2002. Lakini muulize kijana wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, kazi hupatikanaje, atakutajia rekomandasyo (pendekezo) ya ndugu aliye ndani, au tangazo lililozunguka WhatsApp. Mengine ni ya uongo: unaombwa utume fedha "za dosye" au za vipimo vya daktari, kisha namba inazimwa. Zamani wakala alilipia ili ampate mtu. Sasa mtu anadaiwa alipie ili aonekane.

Si kwa wote, lakini. Fundi wa umeme wa mitambo mikubwa, mekanika wa malori ya mgodini, mkalimani wa Kichina anayeijua lugha ya kazi: hao bado ni wachache, na kampuni huwafuata hadi nyumbani au huwanyakua kutoka kwa jirani kwa kuongeza mshahara.