Trekta dogo kwa shamba la mlimani: HP si kipimo cha kwanza

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la zana za kilimo kutoka wilaya za milimani yana sura mbili. Wa kwanza amenunua trekta kubwa kwa kuamini kwamba mlima unataka nguvu. Limefika shambani, limeshindwa kugeuka kwenye matuta ya ngazi, na kingo alizozipanda majani ya guatemala kwa miaka mingi zimebomoka. Wa pili amenunua trekta dogo lililotumika Japani kwa bei ya kuvutia, nalo limelala ubavu kabla msimu haujaisha. Wote wawili wanataka tuwasaidie warudishiwe fedha. Mara nyingi hatuwezi, kwa sababu trekta lenyewe halina kasoro yoyote. Lilichaguliwa vibaya.

Niseme mapema kwamba makala hii haipendekezi chapa wala muuzaji, na haichukui nafasi ya afisa kilimo aliyekanyaga shamba lako.

Swali tunaloulizwa kila siku ni "HP (nguvu farasi za injini) ngapi zinatosha ekari kumi?" Kwenye mbuga za Kilosa au Mbarali swali hilo lina maana. Kwa shamba la Lushoto au la miteremko ya Uluguru halitoshi. Kinachotangulia ni mwinamo wa ardhi, kisha upana wa mahali pa kugeukia, kisha uzito na upana wa trekta. HP zinakuja za nne.

Mwinamo unapimwa, haukadiriwi kwa macho. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 2, weka ncha moja ardhini upande wa juu, nyanyua ncha ya chini mpaka pima maji ya fundi mwashi ionyeshe usawa, kisha pima kwa futi ya kukunja umbali kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Ukipata sentimita 40, mwinamo wako ni asilimia 20. Rudia sehemu mbalimbali, hasa ile mbaya kuliko zote, kwa kuwa trekta halipinduki kwenye wastani wa shamba. Na tafadhali, asilimia si nyuzi. Mwinamo wa asilimia 100 ni nyuzi 45. Wapo wanaosoma kwenye kitabu cha trekta kwamba mwisho ni nyuzi 15, wakapima shamba wakapata asilimia 25, wakarudisha trekta dukani. Nyuzi 15 ni karibu asilimia 27. Wapo pia waliokosea upande wa pili, na hao ndio wanaotutia wasiwasi.

Ofisi yetu inashauri hivi. Chini ya asilimia 12, trekta dogo lolote zima lenye dereva makini litafanya kazi. Kati ya 12 na 25, chagua trekta pana, fupi kwa kimo na lenye magurudumu manne ya kuendesha, na ulime kufuata kontua tu, yaani kuukata mteremko kwa usawa badala ya kupanda na kushuka. Juu ya 25, hatushauri trekta la kukalia hata kama jirani yako analo na halijamfanya lolote. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta, vizazi na vizazi, na hakuna mashine dukani inayochimba ngoro. Shamba la namna hiyo liacheni kwa jembe, au lipandeni kahawa, miti ya matunda au malisho.

Viwango hivyo ni vya ardhi kavu isiyo na mawe wala mashimo. Mfano: trekta lenye upana wa mita 1.2 kati ya magurudumu ya nyuma linapita asilimia 20 kwa ubavu, na gurudumu la juu linapanda jiwe la sentimita 20. Papo hapo limeongezewa karibu asilimia 17. Likiwa na upana wa mita 1.6, jiwe lilelile linaongeza asilimia 12 na nusu. Ndiyo maana fundi akikukabidhi trekta, mwulize rimu za nyuma zinageuzwa vipi ili kupanua kukanyaga kwake. Matrekta mengi yanaruhusu, na kazi yenyewe ni jeki, spana na nusu siku. Wanunuzi wengi hawajui kama jambo hilo lipo.

Jambo jingine lisilosemwa dukani: ekseli ya mbele inacheza kwenye pini ya katikati. Kwa hiyo trekta linapoanza kuinama, magurudumu ya mbele hayalizuii mpaka ekseli ifike mwisho wa mchezo wake. Kinacholishikilia ni pembetatu ya magurudumu mawili ya nyuma na ile pini. Kulitazama likiwa limesimama uwandani na kusema "limekaa imara" hakuthibitishi kitu.

Haya matrekta madogo ya Kijapani yaliyotumika yanahitaji maneno yake. Ni mashine nzuri. Lakini mengi yalitengenezwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga: mepesi, membamba, yameinuliwa ili yasikwame kwenye tope, na yalifanya kazi mahali palipo tambarare kama meza. Mengi hayakuja na fremu ya kinga juu ya kiti. Hiyo ni kinyume cha kila kitu mlima unachotaka. Ukiamua kulinunua hata hivyo, fremu iliyochomelewa mtaani kwa mabomba ya maji haihesabiki. Fremu ya kinga hupimwa ibebe uzito wa trekta likibiringika. Sweden iliifanya kuwa lazima kwa matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka kwa namna ambayo nchi nyingi ziliiga. Fremu inafanya kazi pamoja na mkanda. Kama trekta lako halina fremu, au fremu imelazwa, usifunge mkanda, maana utakuwa umejifunga chini ya chuma.

Sasa HP. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa) hupungukiwa nguvu karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Njombe mjini ni zaidi ya mita 1,800. Trekta lililoandikwa HP 40 likifika huko linabaki na kama 33, na kwenye PTO, mhimili wa nyuma unaozungusha zana, zinafika pungufu ya hapo. Muuzaji wa Dar es Salaam hajakudanganya, amekusomea kibao. Hivyo kama rotaveta (zana ya visu vinavyozunguka kulainisha udongo) ya mita 1.2 inataka HP 25 hadi 30, usinunue trekta la HP 30 ukalipandisha Njombe ukategemea lisizime. Chukua 40, au lenye tabo. Hapo ndipo HP za ziada zina kazi. Kuzidi hapo ni uzito, na uzito kwenye tuta la ngazi unashindilia udongo na kubomoa ukingo.

Angalia pia zana zenyewe kabla hujalipa. Matrekta madogo hutumia fungio la nyuma la kuunganishia zana la daraja la kwanza, lenye pini za chini za milimita 22. Plau nyingi za diski tatu mnazoziona minadani ni za daraja la pili, pini za milimita 28, na zinataka HP 60 kwenda juu. Msilazimishe kwa kuchonga pini.

Plau kwenye mteremko ni suala ambalo hata madereva wazoefu hulikosea, na lina uhusiano wa moja kwa moja na ukubwa wa trekta, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Plau ya kawaida hutupa udongo kulia tu. Ukilima kontua huku mlima ukiwa kulia kwako, udongo unapanda, na magurudumu yako ya kulia yanapita ndani ya mfereji wa mzunguko uliotangulia, yaani upande wa juu. Trekta linakaa karibu na usawa. Ukigeuza kurudi, mlima uko kushoto: udongo unashuka, na gurudumu lililo kwenye mfereji ni la upande wa chini. Mfereji wa sentimita 20 umekuongezea mwinamo uleule wa lile jiwe, safari hii kwa urefu wote wa shamba. Pia umehamisha udongo wako kwenda kwa jirani. Njia ni mbili. Rudi ukiwa umeinua plau bila kulima, ambayo inakula dizeli, au nunua plau ya kugeuza, ambayo ni nzito zaidi. Ukichagua ya kugeuza, uliza uwezo wa mikono ya haidroliki kuinua, kisha hakikisha angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta inabaki kwenye ekseli ya mbele plau ikiwa juu. Vyuma vya uzito vya mbele viandikwe kwenye ankara ya kwanza, si baadaye. Kujaza maji kwenye matairi ya nyuma hadi usawa wa vali nako kunasaidia, kwa kuwa uzito unakaa chini.

Trekta likipanda mlima likivuta, mnyororo ufungwe kwenye kivutio cha chini tu. Ukifungwa kwenye ekseli au kwenye mkono wa juu, pua inanyanyuka na trekta linampindukia dereva kwa nyuma kwa muda mfupi kuliko wa kukanyaga klachi. "Dereva wangu ana uzoefu wa miaka ishirini" si jibu. Kushuka, ingiza giya ndogo kabla ya kuanza mteremko na uache klachi. Magurudumu manne yawe yameunganishwa hata kama hulimi, kwa sababu matrekta mengi madogo yana breki za nyuma peke yake. Tela lisilo na breki zake lisizidi uzito wa trekta, na mteremkoni liwe jepesi zaidi ya hapo.

Kwa matuta yenye upana wa mita 3 kushuka chini, jibu huwa ni pawatila, trekta la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono. Tahadhari moja ambayo wauzaji husahau kuitaja: ukishuka na pawatila yenye klachi za kukatia kona, kona inageuka. Ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linakuwa huru na kukimbia, na mashine inakwenda kulia. Mfundisheni hivyo kila anayeishika, kabla hajaishika.

Upande wa sheria, watu wengi wanaamini kwamba shamba likiwa na hati hakuna anayeweza kuwaambia pa kulima. Si kweli. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri uhifadhi wake. Mashamba ya milimani mengi yana kijito bondeni, na sehemu tambarare inayovutia trekta iko palepale. Mkiukaji anaweza kupewa amri ya kurejesha mazingira, yaani kulirudisha eneo lilivyokuwa kwa gharama zake. Asipotekeleza, mamlaka hufanya kazi hiyo na kumdai, na shauri la jinai linaweza kufunguliwa pia. Halmashauri nyingine zina sheria ndogo za hifadhi ya udongo zinazogusa miteremko. Ulizia ofisi ya kata na uombe kuonyeshwa maandishi, usitosheke na kuambiwa kwa mdomo.

Trekta likiingia barabara ya umma, hata kwa kuvuka tu kwenda shamba la pili, ni chombo cha moto kama kingine. Linatakiwa kusajiliwa TRA (Mamlaka ya Mapato), kuwa na namba, bima angalau ya mtu wa tatu, na dereva mwenye leseni ya daraja linaloruhusu trekta. Leseni ya gari dogo haitoshi, na leseni ya bodaboda haistahili kutajwa. Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa kuwa karatasi yenye mhuri si uthibitisho. Kubeba watu kwenye tela, wakiwamo vibarua wako mwenyewe, ni kosa, na ajali ikitokea kampuni ya bima ina sababu ya kukataa.

Ukinunua trekta lililotumika hapa nchini, usiishie kwenye kadi na kupeana mikono. Andaa mkataba wa mauziano wenye picha za pande zote mbili, nakala za vitambulisho, TIN ya muuzaji na ya mnunuzi, na kadi halisi. Peleka TRA, lipa ada ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu, kisha subiri kadi yenye jina lako. Kabla ya yote linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizo kwenye kadi kwa kuzisoma mwenyewe kwenye chuma. Trekta lililobadilishwa injini bila taarifa litakwama hapo, na hakuna barua yetu itakayolikwamua.

Ukimwajiri dereva wewe ni mwajiri, hata kama ni kwa msimu. Unapaswa kujisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na kumchangia. Tunajua wengi hawafanyi hivyo. Tunajua pia nani anakuja kuulizia utaratibu baada ya trekta kupinduka.

Upimaji wa zana za kilimo hufanywa na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha. Mwombe muuzaji taarifa ya upimaji ya modeli unayonunua, siyo ya modeli inayofanana nayo. Akikosa, mwandikie barua, utunze nakala.

Anayetaka ushauri wetu kabla ya kununua aje na vipimo vitano vya mwinamo, upana wa tuta jembamba kuliko yote, umbali kutoka mto ulio karibu, aina ya zao na picha ya njia ya kuingilia shambani. Ankara ya trekta aliyokwisha kulipia si mojawapo.