Ruhusa ya kujenga bado si nyumba

Nikiulizwa majimbo ya Marekani yafanye nini ili nyumba za bei nafuu ziongezeke, huanza na gereji ya uani kule California.

Sheria ya jimbo hilo ilizitambua nyumba ndogo za uani tangu 1982. Kwa zaidi ya miaka 30 zikajengwa chache mno kwa kibali. Chukua kiwanja cha futi 50 kwa 100: nyumba mbele, gereji nyuma, karibu na ukuta wa jirani. Mwenye nyumba anataka kuigeuza gereji iwe chumba na jiko, mama yake ahamie. Halmashauri haimkatalii. Inamwambia tu kwamba egesho linalopotea lifidiwe, nyumba mpya nayo ipewe lake, na ukuta usogee mbali na mpaka. Ukipiga hesabu, uani hapatoshi. Hapo bado ada, na bado miezi ya kusubiri. Inaniuma, kwa sababu aliyemfungia mama mlango ni kipimo kwenye jedwali, wala hakuna mtu aliyewahi kusema hapana.

Dawa ilikuwa bunge la jimbo kuirudia sheria ileile, tena na tena. Mwaka 2016 masharti ya maegesho yalilegezwa. Mwaka 2019 sharti la kufidia egesho la gereji likafutwa, nyumba zisizofika futi za mraba 750 zikasamehewa ada za miundombinu, nafasi ya kuacha kando na nyuma ikawekewa kikomo cha futi 4, na halmashauri zikapewa siku 60 kujibu. Vibali vilivyokuwa elfu moja na ushei mwaka 2016 vilipita 20,000 mwaka 2022.

Oregon nayo ilifanya jambo ninalolipenda. Sheria yake ya 2019 iliiagiza miji yenye watu zaidi ya 10,000 iruhusu nyumba za familia mbili palipokuwa pa familia moja tu, na jimbo likaandika kanuni za mfano: mji ukichelewa kutunga zake, zile za jimbo zinatumika moja kwa moja.

California yenyewe iliteleza tena. Tangu 2022 mtu anaweza kugawa kiwanja chake kiwe viwili, lakini lazima aape kwamba anakusudia kuishi hapo miaka 3. Maombi yamekuwa machache.