Mwaloni hauyapendi maji, unayavumilia tu

Imerudi tena ile picha inayozunguka: mialoni (miti ya oak) imesimama ndani ya maji meusi usawa wa kiuno, na maelezo chini yake kwamba mti huu unapenda maji, upandwe hata dimbwini. Jamani. Kabla ya kuiamini picha, ulizeni ilipigwa mwezi gani.

Nasema misitu ya mabondeni kando ya mito kama Edisto wa South Carolina, Marekani. Mto huu hautoki milimani. Unaanzia kwenye michanga ya uwanda wa pwani, kwa hiyo haubebi tope kama jirani yake Congaree. Weusi wake ni asidi za majani yaliyooza, ambazo mchanga hauwezi kuzinasa. Chota glasi moja utaona chai ya rangi. Si uchafu, kama ambavyo weusi wa mto Ruki kule Mbandaka, Kongo (DRC), si uchafu. Hilo limekwisha.

Turudi kwenye kalenda. Mafuriko makubwa huja Januari hadi Machi, majira ya baridi kule. Mialoni mingi haina majani, mizizi imelala, maji ni ya baridi na vijidudu vya udongo vinatumia oksijeni polepole. Mti unakaa humo wiki nyingi bila madhara. Aprili majani yanachipua na msitu wenyewe unageuka pampu: Julai radi na mvua zipo tele, lakini maji bondeni yanashuka kwa sababu miti inanyonya kuliko zinavyojaza. Sasa tuamisha maji hapo Juni. Udongo una joto, oksijeni inaisha ndani ya siku chache, mizizi midogo inaoza, na mti unakuwa na kiu huku umesimama majini. Siku 50 za Februari na siku 50 za Juni hazilingani hata kidogo! Wanaofungia maji misituni kule Arkansas ili kuvuta bata wamelipia somo hilo: ukifunga kabla majani hayajaanguka na kufungulia umechelewa, mialoni ya kundi liitwalo jekundu (red oak) hudhoofika na kufa, na mwaloni Quercus lyrata (Quercus, kwa kifupi Q., ni jina la kisayansi la mialoni), unaochelewa kuchipua, ndio unaobaki.

Mpangilio wa miti bondeni, kutoka chini kwenda juu, ni rahisi. Panapotuama maji ni Taxodium na Nyssa, miti ya kinamasi isiyo mialoni. Juu kidogo Q. lyrata, kwenye tambarare zilizo pana ni Q. laurifolia; kwenye vituta Q. michauxii na Q. pagoda. Kutoka ngazi moja hadi nyingine mara nyingi ni sentimita kadhaa tu, jicho halizioni.

Alama ya maji kwenye gome inakuambia kina, haikuambii muda. Muda uusome kwenye udongo: chimba sentimita 30. Kijivu chenye madoa ya kutu maana yake maji huja na kuondoka. Kijivu kitupu, yanakaa. Vitabu vingi vinaishia hapo. Lakini mchanga wa mito myeusi una chuma kidogo, na madoa yanaweza yasionekane kabisa hata pale maji yanapokuja na kuondoka kila mwaka. Piga mashimo kadhaa, kisha tazama miti mikubwa iliyopo. Nikilazimika kuchagua, naiamini miti.

Kupanda: Desemba hadi katikati ya Machi, miche yenye shingo ya mzizi (pale shina linapokutana na mzizi) yenye unene usiopungua sentimita 1, mzizi usikunjwe shimoni. Mbegu izikwe sentimita 5 hadi 10, la sivyo panya na nguruwe mwitu watakushukuru. Na ile kanuni ya kuzitia mbegu majini na kutupa zinazoelea, kwa kuwa zimeliwa na fukusi, usiitumie kwa Q. lyrata. Kikombe chake kinaifunika mbegu karibu yote na ni chepesi kama kizibo, hivyo hata nzima inaelea. Kuna watu humwaga gunia zima la mbegu nzuri kwa kanuni hiyo.

Kinachobishaniwa bado ni kwa nini miche ya Q. laurifolia huota kwa wingi chini ya wazazi wake na michache tu hufika magotini. Kivuli? Mafuriko ya masika? Nguruwe? Mimi naegemea kivuli, ila jibu hilo lina mtego: ukikata miti yote ili kuleta mwanga umeing'oa pampu, maji ya ardhini yanapanda, na miche uliyotaka kuiokoa inazama Juni. Fungua matundu madogo, upana wa mti mmoja au miwili, na uache wanyonyaji wengine kazini.