Vitabu vitano vya kiangazi havileti uwiano

Nimeletewa tena orodha ya vitabu vya Kikristo vya kusoma kiangazi, na imepangwa vilevile kama zilizotangulia: kimoja cha theolojia, kimoja cha sala, kimoja cha historia ya Kanisa, wasifu mmoja, kimoja cha ndoa. Jumla vitano, vyote vya miaka kumi iliyopita, na swali ni kama orodha imekaa sawa. Haijakaa sawa. Kurasa 150 za mafundisho ya Utatu na kurasa 150 za maisha ya mmisionari hazina uzito mmoja, na mwenye kuhesabu vitabu atagundua hilo wiki ya nne, akiwa amemaliza vile vyepesi na amebaki na vigumu viwili ambavyo hataki hata kuviona.

Anza na saa. Wiki 12, siku 5 kwa wiki, dakika 40 kwa siku: saa 40. Siku mbili za wiki ziache wazi.

Kisha pima mwendo wako kwa kila kitabu. Usipimie dibaji, dibaji huandikwa kwa lugha nyepesi na itakudanganya. Fungua katikati ya sura ya pili au ya tatu, shika penseli, tazama saa, soma kurasa tatu. Mwisho wa kila ukurasa funga kitabu huku kidole kikiwa ndani, useme kwa sentensi moja ukurasa huo umesema nini. Ukishindwa, rudia, na dakika za kurudia zihesabiwe pia. Jumla igawanye kwa tatu. Tuseme umechagua vitatu, kimoja kikiwa cha kale: wasifu umetoa dakika moja na nusu kwa ukurasa, maandishi ya kale dakika nne, kitabu cha mafundisho dakika tano. Basi kurasa 250 za wasifu ni saa 6 na dakika 15, kurasa 100 za maandishi ya kale ni saa 6 na dakika 40, na kurasa 150 za mafundisho ni saa 12 na nusu. Jumla saa 25 na dakika 25. Vitabu vitatu tu, na saa 40 zinakaribia kujaa, kwa maana Biblia bado haijapewa nafasi yake.

Biblia ipewe dakika 10 za mwanzo kila siku, yaani saa 10 kati ya zile 40. Hapa ndipo watu wanapokimbilia kuisoma yote kwa kiangazi kimoja. Ina sura 1,189 kwa wenye vitabu 66. Kwa siku 60 ni kama sura 20 kila siku, karibu saa moja na dakika 40 kwa mwendo wa dakika tano kwa sura. Anayeweza, na asome. Lakini asiuite mpango huo wa uwiano, maana umekula kila kitu kingine. Kwa sura mbili kwa siku unapata sura 120, na zinatosha vizuri: Mwanzo 50, Ruthu 4, Mhubiri 12, Amosi 9, Waebrania 13, na Marko 16 mara mbili, mwanzoni na mwishoni. Hapo una masimulizi, hekima, nabii, injili na waraka. Msomaji anayezunguka Zaburi na nyaraka za Paulo mwaka mzima anamhitaji Amosi kuliko anavyohitaji kitabu kingine cha kumtia moyo.

Sasa jambo linaloniudhi hasa: umri wa vitabu. Vitabu vitano vya mada tano, vilivyoandikwa miaka ileile kwa wasomaji walewale, mara nyingi ni kitabu kimoja chenye majalada matano. Vina hofu zilezile, mifano ileile, hata maswali yaleyale mwishoni mwa sura. Mwandishi Mkristo C. S. Lewis, katika utangulizi alioandikia tafsiri ya kitabu cha Athanasio kuhusu Neno kufanyika mwili (1944), alishauri kwamba ukimaliza kitabu kipya usishike kingine kipya kabla ya kusoma cha zamani. Ukishindwa, basi cha zamani kimoja kwa kila vipya vitatu. Sababu yake ni nzito: kila zama ina makosa ambayo wenyewe hawayaoni, na wa zama nyingine huyaona. Na Athanasio mwenyewe, askofu wa Aleksandria wa karne ya nne, ni mfupi na anafuatika kuliko wengi wanaoandika kumhusu.

Cha zamani nacho kina mitego. Maungamo ya Agostino, askofu wa kale wa Afrika ya Kaskazini, yana vitabu 13 ndani yake. Tisa vya kwanza ni maisha yake. Cha 10 ni kumbukumbu, cha 11 ni wakati, cha 12 na 13 ni ufafanuzi wa mwanzo wa Mwanzo. Aliyegawanya kurasa sawasawa kwa wiki hukwama kwenye cha 10 na kudhani akili yake imechoka, kumbe aina ya maandishi imebadilika. Vitabu hivyo vinne vya mwisho vipe muda mara mbili. Kumfuasa Kristo, cha karne ya 15, kina sura fupi 114 na kinataka kinyume chake: sura moja, kisha nyamaza. Ukikisoma mfululizo kama riwaya, kufika sura ya 20 kitakuwa kinakukaripia tu.

Vitabu viwili vigumu visiende pamoja. Kigumu wiki ya 2 hadi ya 7, cha kale baada yake, wasifu uwe pembeni wakati wote kwa siku ambazo kichwa kimechoka.

Mashaka ninayo. Sina hakika kwamba kipimo cha dakika kinafaa kwa usomaji wa sala. Guigo wa Pili, mtawa wa Kikartusi wa karne ya 12, aliupanga kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kumtazama Mungu. Anayepanda ngazi hiyo akiwa na jicho kwenye saa hafiki juu. Kwa hiyo zile dakika 10 za Biblia nazichukua kama kiwango cha chini, na siku ambayo mstari mmoja umekushika, acha sura ya pili. Wasifu pia unanitia wasiwasi, kwa sababu mwingi umepakwa rangi hadi mtu hana dhambi wala deni. Mwenye kupata barua au shajara ya mhusika mwenyewe aichukue hiyo badala yake.

Saa 4 na dakika 35 zilizobaki usizipe kitabu cha nne. Ni za kurudia sura ambazo penseli iliandika alama ya kuuliza pembeni, na wiki moja ikipotea kwa ugonjwa au wageni, punguza wasifu kwanza.