Cao Cao hakuwa kaizari
Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu husema makaizari watatu wa China walipigana wakati mmoja: Cao Cao wa dola ya Wei, Liu Bei wa Shu na Sun Quan wa Wu. Si kweli, tafadhali usiusambaze. Cao Cao alifariki Machi 220 akiwa wang, mfalme aliye chini ya kaizari wa nasaba ya Han. Mwanawe, Cao Pi, ndiye aliyetwaa kiti cha kaizari Desemba, akampa marehemu baba yake cheo cha kaizari. Hapo ndipo wengi huteleza, na Kiswahili nacho huwaita wang na huangdi (kaizari) wote “mfalme”. Liu Bei alijitawaza kaizari 221, akafa 223. Sun Quan akangoja hadi 229. Kuhakiki ni rahisi: tazama jina la mwaka, yaani jina ambalo kila utawala uliipa hesabu yake ya miaka. Kifo cha Cao Cao kimeandikwa mwaka wa 25 wa Jian'an, hesabu ya Han. Huangchu, hesabu ya Wei, ilianza mwanawe alipotawazwa.