Je, wajua? Kompyuta yako haijawahi kuonja umeme wa ukutani

Umeme ukikatika usiku unasikia inveta za majirani zinaanza kuvuma, paneli juu ya bati, betri chini ya meza, na laptopu imechomekwa kwenye inveta kama kawaida. Inafanya kazi, sikatai. Ila mbona betri inakata mapema hivyo wakati laptopu siyo pasi?

Chukua adapta yake, igeuze, soma yale maandishi madogo. Nyingi utakuta inapokea volti 100 mpaka 240 za AC (umeme unaogeuza mwelekeo kila mara) na kutoa 19 au 19.5 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Kumbe zile 230 za ukutani zinaishia kwenye adapta, kompyuta yenyewe inakula DC tu, aina ileile inayotoka kwenye betri. Hata desktopu ni hivyohivyo, lile boksi la nyuma lenye feni kazi yake ni kushusha 230 iwe 12, 5 na 3.3, na prosesa mwisho wa siku inakula kama volti 1 hivi.

Sasa angalia huo mzunguko: betri ina 12 za DC, inveta inazipandisha mpaka 230 za AC, adapta inazishusha tena ziwe 19 za DC. Ni sawa na kutoka Kariakoo kwenda Posta ukapitia Mbezi. Na kila kituo kina ushuru wake unaolipwa kwa joto, shika adapta baada ya saa moja utauona.

Tupige hesabu ya haraka. Laptopu inakula wati 30. Inveta tuseme inapitisha asilimia 85 na adapta 88, basi betri inatoa kama wati 40, jumlisha wati 10 ambazo inveta inakula kwa kuwashwa tu, hapo ni 50. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100 (100Ah), ukiitumia nusu tu (ukiikausha kabisa kila siku inakufa mapema) unapata kama wati-saa 600, yaani masaa 12. Ukitumia chaja ya laptopu ya gari, ile inayopandisha 12 kwenda 19 moja kwa moja, betri inatoa kama wati 33 na masaa yanafika 18. Betri ileile, jua lilelile!

Mbona basi nyumba hazikufungwa DC tangu mwanzo? Thomas Edison, yule mvumbuzi Mmarekani, alijaribu, mwaka 1882 pale New York aliwasha mtaa kwa DC ya kama volti 110, shida ni kwamba umeme wenye volti ndogo unahitaji ampea nyingi na ampea nyingi zinapoteza nguvu nyingi njiani kwa joto, ikabidi jenereta ikae karibu na wateja. AC ikashinda kwa sababu transfoma inaipandisha na kuishusha kirahisi.

Na shida ya Edison utakutana nayo sebuleni kwako. Tuseme laptopu inatumika huku inachaji, wati 70: kwenye 230 ni ampea 0.3 tu, kwenye 12 ni karibu 6. Vuta waya wa milimita 1.5 za mraba mita tano kutoka kwenye betri, ukihesabu kwenda na kurudi unapoteza kama volti 0.7, betri ina 12.0 lakini mezani inafika 11.3 na chaja nyingine zinaweza kugoma. Kwa hiyo waya mnene, na mfupi.

Halafu kuna watu wanasikia rauta ni ya volti 12 wanaiunga kwenye betri hivihivi. Betri ya volti 12 haikai kwenye 12 bwana, ikipumzika imejaa ni kama 12.7, sola ikiwa inachaji inapanda mpaka 14.4 au zaidi. Rauta nyingine zinavumilia, nyingine zinanuka moshi. Weka kifaa cha kutuliza volti katikati, na kwa desktopu tafuta saplai ndogo ya DC inayopokea volti za kupanda na kushuka, maana zile za bei rahisi zinapitisha hiyo 14.4 moja kwa moja kwenye diski ngumu.

Fyuzi iwe pale pale kwenye nguzo ya betri, siyo mezani, kwa sababu fyuzi inalinda waya ulio mbele yake tu, ikikaa mezani waya ukigusana katikati ya njia hakuna kinachoulinda. Waya mwekundu (chanya) na mweusi (hasi) uhakikishe kwa mita kabla ya kuchomeka. Printa ya leza iachie inveta, ile ikipasha joto inavuta mamia ya wati.