Jenta halisi nayo huua masikio

Ofisi yetu ya udhibiti wa dawa hapa Kigoma inazidi kupokea malalamiko ya watu waliochomwa mtaani sindano za jenta, yaani jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kisha masikio yakaanza kuvuma. Wanakuja wakisema wameuziwa dawa feki. Jamani, hata jenta halisi kabisa hufanya hivyo.

Maabara zinalijua hili siku nyingi kupitia simbilisi. Mlio wa ghafla ukipigwa, masikio ya mnyama huyu hucheza. Akichomwa jentamaisini kila siku kwa wiki kadhaa, ukipiga mlio mwembamba masikio yanatulia tuli. Ukipiga mzito, yanacheza. Ndani ya sikio, kwenye mfereji uliojiviringa kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo, safu 3 za nje na 1 ya ndani. Dawa huingia kupitia vitundu vilivyo kwenye ncha za vinyweleo hivyo, hung'ang'ania humo, na vifo vya seli huanzia pale sauti nyembamba zinapopokelewa. Ndiyo maana mvuvi wa Kibirizi anasikia injini ya boti na kutuambia yuko salama, huku mlio wa simu yake haumfikii. Ikichanganywa na dawa ya kukojoza kama furosemaidi, uharibifu huenda mbio zaidi.

Kifaranga cha kuku huotesha seli mpya za sikio. Simbilisi haoteshi, nawe huoteshi, kwa hiyo habari za matone ya kitunguu saumu yanayodaiwa kurudisha usikivu tuziache.

Hatusemi jenta isitumike. Inaokoa watoto wachanga. Ila ni dawa ya cheti, na dozi hupangwa kwa uzito na hali ya figo. Ukija kulalamika, leta kichupa kitupu au picha ya lebo yake yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, cheti, risiti, na tarehe ya kila sindano. Mhudumu wa afya atajaza fomu ya njano, ya kuripoti madhara ya dawa. Usipokuwa na namba ya toleo, ufuatiliaji unakuwa mgumu. Muuzaji akibainika kuvunja sheria, dawa zinaweza kukamatwa na yeye kushtakiwa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219.

Anayeendelea na sindano akasikia mvumo, au akayumba akitembea gizani, asisubiri dozi iishe. Arudi kwa daktari leo. Na aliyekwisha kumaliza ajichunguze bado: usikivu unaweza kupungua hata wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho.